Herufi za Mzee Bodoni

Jumatano, 6 Septemba 1995

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha leo hapa Ngara mjini, na mimi nimeanza kuandika. Daftari ni la Taufiki, marehemu mume wangu. Alilinunua, akaandika ukurasa mmoja wa mambo ya wino, akalisahau. Nikisema naandika kwa kuwa nina mengi ya kusema, majirani watanicheka, maana mengi huwa nayasema barazani bila shida yoyote. Naandika kwa sababu hili la leo sina wa kumwambia. Binti yangu Raya yuko Mwanza kwa mumewe, na simu ya posta haifai kwa mtu anayetaka kulia.

Shemeji Hatibu alikuja baada ya adhuhuri. Ni kaka mkubwa wa Taufiki, na nyumba hii, duka mbele na chumba cha uchapaji nyuma, ni ya baba yao. Alisimama mbele ya kabati la herufi, akavuta droo, akachota herufi za madini ya risasi na kuzipima uzito kiganjani kama anayenunua maharage.

"Shemeji Biubwa," akasema, "kuna mtu wa ziwani anatafuta risasi ya vizito vya nyavu. Atapita hapa uchaguzi ukiisha. Chumbani nitaweka mahindi na mafuta ya biashara ya kambini kwa wakimbizi."

Nikamwuliza, na kazi ya uchapaji? Akaniuliza, kazi gani?

Ukweli ni kwamba hakukosea. Tangu Taufiki afariki nimechapa kadi chache za harusi na mwaliko mmoja wa maulidi. Mashirika ya wakimbizi yana mashine zao za umeme, hayamhitaji mjane anayekanyaga mashine kwa mguu. Nilimwomba aziache herufi hadi uchaguzi upite. Akasema sawa, kwa kuwa hata hivyo mtu wa ziwani haji kabla ya hapo. Nilimshukuru, na nilikuwa nashukuru kweli.

Alhamisi, 7 Septemba

Mvua. Hakuna mteja. Nimefuta vumbi kwenye droo zote.

Ijumaa, 8 Septemba

Nizieleze hizi herufi kabla hazijapelekwa kuzama ziwani.

Taufiki alizinunua kwa Mgoa mmoja wa Bukoba aliyekuwa akifunga karakana yake ya uchapaji. Juu ya pakiti paliandikwa Bodoni. Nilipoolewa nilidhani ndilo jina la yule Mgoa, nikawa nawaambia wageni kwa majivuno kwamba herufi zetu ni za Mzee Bodoni. Taufiki alicheka hadi akaketi chini. Kisha akanieleza kwamba Bodoni alikuwa Mtaliano, amekufa zamani sana, alikuwa akiwachapia watawala wa kwao, na kwamba nimekosea mtu lakini heshima sijaikosea. Basi likabaki hilohilo, Mzee Bodoni.

Kila herufi ina unene na wembamba. Chukua n. Miguu yake ni minene, myeusi, imesimama wima. Upinde unaoiunganisha ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Unene haupungui polepole. Unakatika, wembamba unaanza. Chini ya miguu kuna vijistari vilivyonyooka, vyembamba vilevile, ndizo nyayo zake. Halafu r ina tone jeusi kichwani, na a, c na j nazo zina matone yao, jicho likipita hupumzika hapo. Taufiki alikuwa akisema kwamba mchapaji mjinga huona weusi tu, kumbe weupe ulio ndani ya herufi nao umepangwa.

Kadi ya harusi yetu ilichapwa kwa herufi hizi. B ya jina langu ina matumbo mawili mazito, yamefungwa juu na chini kwa vijistari vya unywele. Nilikuwa msichana mweusi, mwembamba, mwenye mdomo mrefu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mimi ni mzuri. Nilipoliona jina langu pale nilisadiki.

Jumamosi, 9 Septemba

Ansbert wa Mabawe amekuja, yule mkulima ambaye pia ni katekista. Anamwoza binti yake Ildefonsa mwezi ujao na anataka kadi. Alikuja na mwanamke wa miaka thelathini hivi, amejifunga kitenge kilicholowa hadi magotini.

"Mama Raya, nimekuretea mtu," akasema. "Huyu ni Irakoze, wa upande wa mke wangu, amevuka kutoka Burundi. Kambi imemruhusu akae kwetu. Rakini jembe rinamshinda. Baba yake arikuwa akipanga herufi misioni huko."

"Shikamoo, Mama," akasema Irakoze.

"Marahaba. Baba yako yuko wapi sasa?"

Akatikisa kichwa tu, na mimi nikajuta kuuliza. Nikampeleka chumba cha nyuma. Hakugusa kabati wala mashine. Alifungua mkebe wa wino, akaunusa, akakaa chini sakafuni bila kukaribishwa. "Baba ananuka hivi," akasema.

Atalala chumba cha uani na kurudi Mabawe siku za Jumapili. Nimemwambia wazi kwamba kazi yenyewe haina uhakika, baada ya uchaguzi herufi zinaweza kuuzwa. Akajibu kwamba yeye amezoea vitu visivyo na uhakika. Alhamdulillahi, nyumba ina sauti ya mtu mwingine.

Jumanne, 12 Septemba

Leo tumehesabiana shida. Herufi zetu zilifungwa pakiti kwa ajili ya Kiingereza, kwa hiyo droo ya e imejaa pomoni na droo za a na k zinatia huruma. Irakoze anasema kwao ni hivyohivyo, Kirundi kinamaliza u na r, na e zinalala usingizi. Baba yake alipoishiwa u aligeuza n kichwa chini. Tumejaribu, na asiyejua hajui. Nilicheka peke yangu hadi jikoni.

Alhamisi, 14 Septemba

Watu wa afya wameharibikiwa na mashine yao, wametuletea tangazo la ukutani kuhusu kuchemsha maji. Kazi ya kwanza ya maana mwaka huu. Tumepanga herufi kubwa zote.

Jumatatu, 18 Septemba

Tangazo limerudishwa. Kijana wa afya alikuwa na adabu, lakini alinitoa nje, akalibandika kwenye ukuta wa duka la ng'ambo ya barabara na kuniambia nisome kutoka nilipo. Sikuweza. Vijistari vyembamba vilikuwa vimetoweka vyote, H ilibaki nguzo mbili bila boriti, A ilikuwa mguu mmoja umeinama. Tangazo zima lilikuwa nguzo za nyumba isiyoezekwa.

Nilirudi ndani nikamlaumu Irakoze kwamba ametia wino kidogo. Akasema, kwa upole ulioniudhi, "Mama, hizi si herufi za kuita watu toka mbari. Hizi zinataka mtu azishike mkononi." Nikanuna hadi magharibi. Baada ya kuswali nikakumbuka kwamba Taufiki hakuwahi kuchapa bango hata moja kwa Bodoni, na mimi niliyeishi naye miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nimempelekea Irakoze chai yenye tangawizi.

Ijumaa, 22 Septemba

Kadi ya Ansbert. Irakoze amepanga vizuri, ila kwenye mstari wa mwisho ameweka "Karibuni chakura cha mchana."

Watu wa hapa, wa Ngara na wa ng'ambo ya mpaka, l na r kwao ni ndugu mapacha, hawajali nani aliyeitwa. Sisi tuliotoka pwani, hata kama ni babu ndiye aliyetoka, tunajidai kwa jambo hili kuliko tunavyojidai kwa mali. Hatibu huwaiga wateja dukani kwake mpaka wengine wanahamia duka la jirani. Nimemsahihisha Irakoze. Hata majina ya herufi hizo mbili kinywani mwake yanatoka sawasawa, kwa hiyo tumekubaliana l tuiite fimbo na r tuiite tone. Akaniuliza atajuaje wapi fimbo na wapi tone. Nikampa kanuni: "Wewe ukiona shaka, weka fimbo."

Jumanne, 26 Septemba

Leo kadi za Ildefonsa zimetoka, na lazima niandike jinsi zilivyotoka. Karatasi imenywa unyevu wa mvua hizi, imekuwa laini. Irakoze aliondoa karatasi za tandiko nyuma ya bamba linaloshika kadi, moja moja, hadi herufi ikawa inaigusa tu kadi, haiikandamizi. Wino alitia mchache, akausambaza muda mrefu. Nikakanyaga. Tukaishika kadi dirishani, na kila unywele ulikuwapo. Ile I kubwa ya Ildefonsa imesimama kama bi harusi mwenyewe.

Irakoze aliiangalia akasema, "Urakoze." Nikadhani anataja jina lake. Kumbe ndiyo asante yao, na jina lake lenyewe ni shukrani kwa Mungu. Nimekaa na mtu siku zote hizi nikimwita shukrani bila kujua.

Jumamosi, 30 Septemba

Hatibu ameiona kadi ya Ildefonsa mkononi mwa Ansbert. Amekuja anapumua kwa nguvu. Chama kimempitisha kugombea udiwani, na anataka mabango makubwa yenye jina lake kwa herufi hizi.

"Mabango hayatasomeka," nikamwambia. "Nikuchapie kadi, shemeji. Ndogo, ya kushika mkononi."

"Mtu wa Mabawe ataifanyia nini kadi?"

"Atalisoma jina lako akiwa amekaa, siyo akipita."

Akafikiri. Hatibu si mtu mbaya, ni mfanyabiashara tu, na macho yake yamezoea magunia. Akasema, "Haya. Ukinitolea kadi nzuri, habari ya mtu wa ziwani tutaizungumza upya." Aliposhuka ngazi nilimshika Irakoze mikono yote miwili. Hajawahi kuniona hivyo, akaogopa.

Jumanne, 3 Oktoba

Mvua mchana kutwa. Tumekata kadi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Tumechapa nakala ya kwanza ya kusomea. Nimeikagua kwa lenzi ya Taufiki, unywele mmoja mmoja. Nyayo za H zimekaa, tumbo la b safi, upinde wa m haujakatika popote. Nimemwambia Irakoze aendelee. Sijawahi kuona jina la mtu limetulia hivi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Kadi zote zimekwisha, zimefungwa kwa kamba ya mkonge. Hatibu amezichukua bila kufungua. Amesema asante mara mbili.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nitaandika yote.

Hatibu alizigawa kadi jana kwenye mkutano wa kwanza, hapa mjini. Alizigawa mwenyewe, kwa mkono wake, akimtazama kila mtu machoni. Walioko mbele wakasoma, wakaanza kucheka. Akadhani ni furaha, akacheka nao. Mwalimu mmoja ndiye aliyemwonyesha. Kadi ilisema:

HATIBU MUSA
Mgombea Udiwani
Naomba kula yako

Leo asubuhi aliingia dukani akaiweka kadi juu ya meza ya kukatia karatasi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Soma," akasema. Nikasoma. Neno lilikuwa pale, safi, kila unywele mahali pake, na fimbo imesimama wima katikati, ndefu, nzuri kuliko herufi zote za mstari ule.

"Mimi," akasema Hatibu, "Hatibu bin Musa, ambaye watu wote wanajua nasema Kiswahili cha nyumbani kwetu. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu nikaomba kula. Wananiita Bwana Kula, shemeji. Watoto wa shule wananiita Bwana Kula."

Irakoze alisimama mlangoni. "Ni mimi, Baba. Nirikuwa na shaka. Nikaweka fimbo."

Hatibu hakuelewa fimbo ni nini, akadhani anamtania. Akageuka akaniambia kwamba kesho atawatuma vijana wake kuchukua herufi. Nilitaka kusema kwamba kanuni ilikuwa yangu, kwamba nakala niliikagua mimi, na kwamba niliangalia nywele za herufi na neno sikulisoma. Nilisema. Nilisema yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi mmeshirikiana."

Akaondoka na kuiacha kadi mezani. Jambo la aibu ni kwamba hata wakati ule niliiona kwamba ni nzuri.

Ijumaa, 13 Oktoba

Vijana walikuja na magunia. Hawakuchukua droo, walizimwaga. A juu ya k, kubwa juu ya ndogo, namba, nukta, zote zikaporomoka pamoja, na sauti yake ilikuwa ya mvua ya mawe kwenye bati. Mmoja wao akaniomba radhi. Sasa ziko ghalani kwa Hatibu, chini ya mahindi, zinamngoja mtu wa ziwani.

Irakoze amekwenda Mabawe. Sikumzuia. Niliona kwamba nikifungua mdomo nitasema neno baya, na nimeufahamu mdomo wangu muda mrefu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Kimya.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua imekata barabara ya ziwani huko Nyakahura, malori yamelala. Droo ziko wazi. Nimeokota koma moja chini ya mashine, nimeiweka mfukoni.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimefikiri tangu Ijumaa iliyopita, na haya ndiyo niliyoyapata. Yule mwanamke alipoteza baba, nyumba na nchi, akaja kwangu akanusa wino akakaa chini. Alinifundisha kazi ya mume wangu mwenyewe. Akafuata kanuni niliyompa, kwa uaminifu, na nikamwacha aondoke na mvua bila hata chai. Jumapili nitakwenda Mabawe.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimerudi, nimelowa, na sijui nianzie wapi.

Nilifika kwa Ansbert watu wakitoka misa. Irakoze alikuwa uani anamenya ndizi. Nilimwamkia mimi kwanza, ndipo akashtuka akasimama kunipa shikamoo. Nikamwambia, "Kosa lilikuwa la kanuni, na kanuni ilikuwa yangu. Nisamehe." Akajifuta mikono polepole. Akasema, "Mama, nirifikiri utanichukia." Tulilia kidogo, siyo sana, ndizi zilikuwa zinangoja.

Ndani, ukutani, karibu na picha ya Bikira Maria, palikuwa na kadi ya Hatibu. Imebandikwa kwa uji. Nikamwuliza Ansbert, hii ni ya nini? Akasema nyumba nyingi za Mabawe zimeibandika. Mama yake, bibi Secilia, ambaye macho yake bado ni makali, akanijibu kutoka mkekani kwamba kadi ile ni kama zile za komunyo ya kwanza, nani ataitupa?

Kabla sijamjibu, Hatibu mwenyewe akapiga hodi. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, mwavuli mkononi, viatu vimejaa tope. Aliponiona alisita, lakini mgombea hawezi kurudi nyuma mlangoni pa mpiga kura. Akaingia, akasalimia, "Shikamoo, bibi," na ndipo akaiona kadi.

"Bibi," akasema, na uso wake ulikuwa umekunjamana, "hiyo kadi ina kosa. Mliiweka kwa kunicheka?"

"Kosa riko wapi?" akauliza bibi Secilia.

"Hapo. Imeandikwa kula."

"Ndiyo. Kura."

"Kula, bibi. Ilitakiwa iwe kura."

"Si ndiyo ninavyosema? Naomba kura yako. Nimeisoma mwenyewe."

Hatibu akamtazama Ansbert. Ansbert akainuka, akaisoma kadi kwa makini, kidole kikifuata mstari, akageuka na kusema, "Mzee, mimi sioni kitu. Kura ni kura."

Nilimwangalia shemeji yangu. Maisha yake yote amewacheka watu hawa kwa herufi mbili, na leo herufi hizohizo zimemsitiri. Hakuna mtu Mabawe aliyemcheka, kwa kuwa hakuna aliyesikia tofauti. Waliocheka ni sisi wa mjini.

Bibi Secilia akaendelea, hana habari na yanayompata mgeni wake. "Jina rako rinapendeza. Rinaonekana ra mtu mwenye nyumba. Makaratasi ya wenzako tumefungia karanga."

Hatibu aliketi. Alipewa ndizi na maharage, akala, na hakusema neno la kampeni hata moja. Tulipotoka tukatembea pamoja hadi barabarani, Irakoze nyuma yetu na kifurushi chake. Mvua ilikuwa nyembamba. Mwishowe akasema, "Wamelibandika karibu na Bikira Maria, shemeji. Jina la mtoto wa Musa."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo na kutazama njia, maana palikuwa na utelezi.

Jumatano, 25 Oktoba

Mkutano wa hadhara, sokoni. Mtu alipaza sauti kutoka nyuma, "Bwana Kula, umeshiba?" Hatibu akatoa kadi mfukoni, akainyanyua. "Mimi nimewaambia mapema," akasema. "Wagombea wenzangu mtawajua baadaye." Watu walicheka hadi spika ikazimwa, na safari hii alijua wanacheka nini. Irakoze aliniuliza kama ni vibaya kufurahi. Nikamwambia afurahi tu.

Ijumaa, 27 Oktoba

Naogopa kuuliza habari za magunia. Barabara ya Nyakahura imefunguka.

Jumapili, 29 Oktoba

Nimepiga kura. Foleni ndefu, karatasi zilichelewa, mvua haikuchelewa.

Jumanne, 31 Oktoba

Hatibu ameshindwa. Mabawe walimpa kura nyingi, mjini wakamwangusha. Nimempelekea chakula kwa mkewe, sikumwona. Sikutaka kuonekana nimefuata magunia.

Ijumaa, 3 Novemba

Amekuja yeye mwenyewe na mkokoteni, baada ya swala ya Ijumaa, kanzu yake ina madoa ya tope. Magunia yalikuwa juu.

"Mtu wa ziwani alifika jana," akasema. "Nilimpa chai, akaenda zake. Mahindi yatakaa kwangu." Akayatazama magunia. "Nimezichanganya, shemeji. Sijui kama zinafaa tena."

Nilijibu kwamba zinafaa. Halafu nikaenda kusimama nyuma ya mlango wa stoo mpaka nikawa mtu tena. Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Taufiki, zimerudi zote.

Jumapili, 5 Novemba

Tumetandika mikeka chumba kizima na kumwaga herufi juu yake. Ansbert amekuja kutoka kanisani na bibi Secilia, ambaye alikataa kubaki nyumbani. Mke wa Hatibu ameleta senene wa kukaanga, wa kwanza msimu huu. Hatibu mwenyewe amevaa miwani, amekunja miguu, anaokota herufi moja moja na kuzigeuza kwenye mwanga. Irakoze ndiye mkubwa wetu leo, ameketi katikati na droo zimemzunguka.

Herufi ya risasi imeandikwa kinyumenyume, na mtu asiyezoea hupotea. Hatibu alipotea tangu mwanzo. Akawa ananyoosha mkono kwa Irakoze, "Hii ni l au r?" na Irakoze anamjibu, "Tone, Baba. Tazama kichwani." Baada ya muda kidogo tena, "Na hii?" "Fimbo." Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na nilijifanya nakohoa kwa sababu ya senene.

Alasiri droo zilikuwa zimeanza kujaa. Bado kuna gunia zima hatujalimwaga, litatuchukua hadi mvua iishe, na sina haraka. Hatibu akainuka, akanyoosha mgongo, akasema anataka kadi nyingine. Nikamwuliza ya nini, uchaguzi umeisha.

"Ya waliobandika," akasema. "Wale wa Mabawe. Andikeni: Mimi Hatibu Musa natoa shukrani za dhati kwa wapiga kura wote walioniunga mkono katika..."

Irakoze alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima. Kisha akachukua chuma cha kupangia mistari, akaokota herufi kubwa kutoka droo tulizokwisha kuzipanga, akazifunga kwenye mashine, akazitia wino, akaniwekea kadi. Nikakanyaga. Lilikuwa neno moja tu, katikati ya weupe wote ule, na juu yake mistari yote ya unywele ipo:

ASANTENI

Hatibu aliishika dirishani, akaivuta karibu, akaisogeza mbali. "Fupi mno," akasema. "Kwa nini umeacha mengine yote?"

"Neno hiri harina fimbo, Baba," akasema Irakoze. "Na tone harina. Hata mimi siwezi kurikosea."

Shemeji yangu akaliangalia neno tena, herufi kwa herufi. Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanzu, akachukua muda mrefu kuipangusa.

"Chapeni," akasema.